Bastola moja ya mjini na porini

Swali hili nimeulizwa mara mbili ndani ya wiki moja, kutoka pande mbili za dunia, na mara zote mbili nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, anayeishi Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani. Alipiga simu usiku, kwake ikiwa bado mchana. "Kaka," akasema, "nataka kununua bastola moja tu. Niwe nayo kila siku ninapotoka kazini, na hiyo hiyo niende nayo porini Jumamosi. Nichukue ipi?"

Wa pili alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye huvusha mchele na vitenge kutoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina. Yeye hakupiga simu. Alikuja nyumbani hapa Mabanda, akavuta kigoda uani, akasubiri watoto walale, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kuna mtu ananiuzia kitu."

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mwalimu wa shule ya msingi aulizwe mambo ya bastola. Mimi si askari, na sijawahi kuwa msituni na kundi lolote. Lakini wote wawili wanajua yaliyonikuta darasani mwaka 2010, na nadhani kila mmoja alitaka kusikia nitasema nini. Nitayaeleza mbele kidogo.

Kwanza undugu wetu, maana wengi mnaosoma ukurasa huu mna historia inayofanana na hii. Mwaka 1972 baba yangu alikimbilia Tanzania akapewa shamba Ulyankulu, mkoani Tabora, na huko ndiko nilikozaliwa na kusoma. Mdogo wake alikimbilia Rwanda. Mwaka 1994 baba mdogo huyo akakimbia tena, safari hii kutoka Rwanda kuingia Ngara, na mwanawe akakulia katika kambi ya Lukole. Sisi wa Ulyankulu tulipoulizwa tunataka nini, wengi walichagua uraia wa Tanzania na wengine, mimi nikiwemo, tukarudi Burundi. Wale wa makambini waliokwisha kukimbia zaidi ya mara moja, Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2007, na zaidi ya 8,000 walipanda ndege. Ndiyo maana leo babu mmoja ana wajukuu Tabora, Makamba na Idaho, na kila mjukuu anaishi chini ya sheria yake ya silaha.

Nianze na huyu wa Idaho, kwa sababu kwake swali ni halali na dukani anaingia kwa mlango wa mbele.

Anafanya kazi katika ghala, zamu ya usiku. Anatoka saa nane za usiku na kutembea peke yake hadi kwenye gari. Mwisho wa wiki anakwenda milimani kuvua samaki na kukata kuni, na milima hiyo ina dubu weusi. Kwa hiyo anataka chombo kimoja kimlinde dhidi ya mtu mjini na dhidi ya mnyama msituni. Wamarekani wenyewe hubishana juu ya jambo hili bila kuchoka, kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu lina kasoro ambayo mwenzake ameshaiona.

Ugumu wenyewe unaeleweka hata kwa asiyewahi kushika silaha. Bastola ya kubeba kila siku inatakiwa iwe nyepesi, nyembamba, isionekane chini ya shati, isiumize kiuno ukikaa kwenye gari. Bastola ya porini inatakiwa iwe na mtutu mrefu kidogo na risasi nzito inayopenya nyama nene na mifupa. Ukiongeza nguvu unaongeza uzito, na silaha ikiwa nzito mwenyewe anaanza kuiacha nyumbani. Ni sawa na kutafuta jembe moja la kupalilia karanga na kung'oa visiki.

Dukani aliwekewa tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa rivolva, ile yenye silinda inayozunguka. Hii ni ya risasi ziitwazo .357 Magnum, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Wanaoitetea wana hoja nzito: silinda hiyo hiyo inapokea pia risasi za .38 Special, ambazo ni fupi na pole zaidi. Mjini unaweka za .38, porini unaweka za Magnum, na silaha ni ile ile. Haina magazini ya kupotea wala kukwama, na hata aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi anaweza kufungua silinda akaona kwa macho kama imejaa au la. Lakini ya chuma kitupu, ya risasi sita na mtutu wa sentimita kumi, inakaribia au kuzidi kilo moja. Zipo nyepesi za risasi tano, ila hizo zikijazwa Magnum hupiga kiganja vibaya kiasi kwamba mtu anafunga macho kabla ya kufyatua.

Ya pili ilikuwa Glock 19, bastola ya magazini kutoka Austria. Mama yake, Glock 17, ilikubaliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikawashangaza wengi kwa sababu sehemu yake ya kushikia ni ya plastiki. Hii 19 ni fupi kidogo, ina uzito wa gramu 600 hivi bila risasi, na magazini yake hubeba 15. Risasi yake ni milimita tisa, ile iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo inayopatikana kirahisi karibu kila mahali duniani. Kwa kuwa ni ya bei nafuu, mwenye nayo anaweza kumudu kufanya mazoezi.

Ya tatu ilikuwa Glock 20, yenye risasi ya milimita kumi iliyotokea mwaka 1983. Hii ndiyo waliyopewa askari wa Denmark wa kikosi cha Sirius, wanaozunguka Greenland kwa magari ya kuvutwa na mbwa, kwa sababu huko anayeweza kuwatokea ni dubu mweupe wa barafuni na milimita tisa ilionekana haitoshi. Inabeba 15 vilevile, lakini mpini wake ni mnene na mrejesho wake ni wa punda.

Ndugu yangu alifanya jambo la busara ambalo wengi hawalifanyi. Badala ya kununua kwa sifa, alikwenda kwenye kiwanja cha kulenga shabaha akakodi zote tatu. Aliniambia matokeo kwa unyofu. Kwa ile ya milimita kumi, risasi ya kwanza iligonga karatasi na ya pili ikaenda juu kwenye ubao. Kwa rivolva, tatu kati ya sita. Kwa ile ya milimita tisa, tano mfululizo ziliingia kwenye duara la ukubwa wa sahani, kwa hatua saba.

Nikamwambia kwamba kwa maoni yangu ameshajijibu. Akabisha. "Na dubu je?"

Ubishi huu wa ukubwa wa risasi umewagharimu hata wakubwa. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, na jambazi mmoja aliendelea kupigana baada ya kupigwa risasi ambayo ilistahili kummaliza. Lawama zikaelekezwa kwa risasi ya milimita tisa iliyosimama kabla ya kufika moyoni. Wakaingia kwenye milimita kumi, wakaiona ni kali mno kwa mikono ya wengi, wakashuka kwenye .40. Mwaka 2016 wakasaini mkataba wa Glock za milimita tisa. Yaani walizunguka miaka 30 wakarudi walipoanzia, ila sasa risasi zenyewe zimetengenezwa vizuri zaidi, na wamekubali kwamba ofisa anapiga shabaha vyema kwa silaha asiyoiogopa.

Jambo ambalo huzungumzwa kidogo ni kwamba aina ya risasi ni muhimu kama bastola yenyewe. Ya mjini ina tundu puani. Ikiingia mwilini inachanua na kupunguza mwendo, na hilo ni muhimu pale nyumba zinapojengwa kwa mbao na jirani amelala upande wa pili wa ukuta. Ya porini ni ngumu na butu, haichanui, inakwenda ndani moja kwa moja. Kwa hiyo hata anayechagua bastola moja hujikuta anahitaji risasi za aina mbili, na akumbuke kuzibadilisha Jumamosi asubuhi na kuzirudisha Jumapili jioni.

Kuhusu dubu nilimsomea utafiti kutoka Alaska uliochapishwa mwaka 2008. Waliangalia matukio ambayo watu walitumia kopo la kupulizia maji makali ya pilipili. Kati ya mara kumi, zaidi ya tisa dubu aliacha alichokuwa akifanya. Na kati ya watu waliokuwa na kopo hilo mkononi walipokutana na dubu kwa karibu, 98 kati ya 100 hawakudhurika. Pilipili! Nilicheka mwenyewe, kwa maana sisi Ulyankulu tulikuwa tukifunga pilipili kwenye kamba kuzunguka mahindi ili tembo na nguruwe wasogee mbali, na wataalamu walipotutembelea walidhani ni ushirikina.

Alikaa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akauliza bei ya kopo, kana kwamba mimi ndiye ninayeishi huko.

Lipo na la mpaka. Idaho, tangu Julai 2016, mkazi aliyetimiza umri na asiye na makosa anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Lakini kutoka Boise hadi mto Snake ni mwendo wa saa moja kwa gari, na ng'ambo ya mto huo kuna Oregon. Oregon haitambui kibali cha kubeba kwa siri cha jimbo lingine lolote. Mtu aliyekuwa raia mwema kwenye daraja upande huu anakuwa mhalifu upande wa pili, na shati ni lile lile. Alipotaja hilo nilimwambia asubiri, maana shemeji yangu naye anatakiwa kulisikia.

Sasa nije kwa shemeji.

Miezi miwili kabla hajanijia, walimsimamisha watu watatu jioni, akiwa kwenye pikipiki, upande ule wa vilima kabla ya kufika kijijini. Mmoja alikuwa na panga, wawili walikuwa na rungu. Walichukua fedha za mauzo ya mzigo mzima, za kwake na za wenzake wawili waliomwamini. Fedha za kwake angeweza kuzililia na kunyamaza, ila hizo za wenzake bado anazilipa. Mmoja wa wenzake ni mjane mwenye watoto wanne, wawili wako kwenye shule yangu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba silaha ni mbaya, anakutazama tu.

Alichokuwa anauziwa ni Makarov. Alinieleza umbo lake nikaitambua. Ni bastola ya Urusi ya zamani, iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, inabeba risasi nane. Ndogo, imara, inafichika. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe mmoja, pamoja na risasi sita.

Nikamuuliza, "Namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Namba ya kiwandani, ubavuni."

Akasema ubavuni pamesuguliwa kwa tupa.

Kwanza nilizungumza naye kama mfanyabiashara. Nilimweleza kwamba Makarov inakula milimita tisa, lakini ni milimita tisa fupi, si ile ya Glock wala ya Browning za Ubelgiji ambazo wazee wetu waliziona viunoni mwa Wabelgiji na baadaye kwa wanajeshi. Risasi ya moja haitumiki kwa nyingine. Zikiisha hizo sita, za nyongeza utazipata wapi? Kwa muuzaji yule yule. Na utajuaje kama hizo sita zinalipuka, bila kufyatua hata moja? Mfanyabiashara wa mchele huchoma gunia kwa bambo aone punje za ndani kabla ya kulipa. Yeye alikuwa tayari kulipa ng'ombe kwa kitu asichoweza kukijaribu.

Halafu nikamrudisha kwenye jioni ile. Mikono yote ilikuwa kwenye usukani wa pikipiki. Bastola ingekuwa wapi? Ndani ya koti, chini ya mvua. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alipima jambo hili kwa saa: mtu mwenye kisu aliye mita sita na ushei anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi, na huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa anahitaji kuchomoa bastola kiunoni na kufyatua. Askari aliyefunzwa, aliyesimama, anayetazama. Shemeji alikuwa amekaa, amechoka, na watu walikuwa watatu. Nilimwambia wazi kwamba ninaamini wangeondoka na fedha na bastola.

"Na porini?" akauliza, kwa sababu huyu naye ana shamba la mpunga kando ya mto, na viboko humaliza mpunga usiku. Yaani yeye pia alitaka moja ya kazi zote, bila kujua kwamba huko Idaho kuna mtu wa ukoo wa mkewe dada yake aliyeuliza neno hilo hilo.

Kiboko dume ana uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Risasi nane za Makarov kwake ni kumwamsha tu. Kuna mamba anayejulikana nchi nzima, Gustave, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na kujaribu kumnasa kwa kizimba cha chuma bila mafanikio. Inasimuliwa kwamba mwili wake una makovu ya risasi. Risasi zilimpata, yeye akarudi majini. Mnyama wa Afrika ya kwetu si dubu mweusi wa Idaho. Wawindaji wenye vibali humwendea nyati kwa bunduki ndefu ya .375 na bado wanakufa. Kwa viboko, wakulima wa mpunga wanajua kinachosaidia: mitaro, moto, makopo ya kugonga, na zamu ya watu wanne usiku. Inachosha, nakubali.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unaogopa tangu siku ile."

Ni kweli.

Mwaka 2010, nikiwa na mwaka mmoja na miezi tangu nirudi, na Kifaransa changu bado cha kuokoteza, mvulana wa darasa la sita alikuja na bastola ndani ya mfuko wa vitabu. Aliikuta kwenye gunia la maharage nyumbani. Miezi michache kabla yake, Oktoba 2009, wananchi walikuwa wamepewa nafasi ya mwisho ya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kufuatia sheria mpya ya Agosti mwaka huo. Niliona kwa macho mzee mmoja akipeleka guruneti ndani ya kikapu, amelifunika kwa majani ya mihogo. Wengi walipeleka. Baba wa mvulana yule hakupeleka, na kwa kweli simlaumu sana, kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha mara nyingi mno kabla ya hapo.

Watoto walipiga kelele, nikaichukua. Nilikuwa nimewahi kuona sinema. Nikabonyeza kitako, magazini ikatoka, nikaiweka mfukoni. Nikawaambia watoto kwa sauti ya mtu anayejua: "Sasa haina kitu." Nikaielekeza chini ili niwaonyeshe kwamba ni chuma tu, na kidole changu kikawa mahali ambapo hakikutakiwa kuwa.

Kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Kila anayeuza au kununua bastola ya magazini anatakiwa kulijua hilo kabla ya jina la kiwanda. Unatoa magazini kwanza, halafu unavuta sehemu ya juu nyuma, unatazama chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole, ndipo unasema haina kitu. Ukikosea mpangilio, ukavuta kwanza na kutoa magazini baadaye, umejaza upya. Mimi sikuvuta kabisa. Risasi iligonga sakafu ya saruji, na kipande kikaruka kikamwingia mguuni binti aliyekuwa dawati la mbele.

Hakufa. Alilala hospitali wiki tatu, nami nililala naye kwa zamu na mama yake. Kisigino hakikurudi sawa. Leo ni mwanamke mzima, ana meza ya mafuta ya mawese sokoni, na kila Jumanne ninapopita ananiita mwalimu kwa heshima ile ile, nami nanunua mawese hata kama yapo nyumbani. Mke wangu anajua kwa nini tuna chupa nane za mawese.

Kwa hiyo ndiyo, naogopa. Lakini woga wangu haukunizuia kumweleza shemeji habari za mpaka, kwa maana hizo hazihitaji ujasiri, zinahitaji kusoma tu.

Wengi wa wavushaji wa Mugina, Kobero na Kabanga hudhani kwamba kwa kuwa Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, kinachoruhusiwa huku kinaruhusiwa kule. Kwa mchele, ndiyo, ukiwa na karatasi zako. Kwa silaha, la hasha. Kibali cha nchi moja huishia kwenye kizuizi cha barabara. Upande wa Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayekutwa na bastola bila leseni hushtakiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Walio na ndugu Kigoma wanajua maana yake: dhamana huwa ngumu na unaweza kukaa rumande muda mrefu kabla kesi haijasikilizwa. Upande wetu kuna ile sheria ya Agosti 2009. Nchi zetu zote zilisaini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ambayo pamoja na mengine inataka kila silaha iwe na alama ya kuitambulisha. Ndiyo maana namba iliyosuguliwa ni mbaya kuliko kukosa kibali. Askari akiiona hatauliza umeinunua kwa nani. Atauliza imeua nani, na wewe ndiye uliye mbele yake.

Tena kwa mrejeaji kuna la ziada, na hili nalisema kwa watu wangu. Sisi bado tunaitwa "wa Tanzania" hata sokoni. Tuna mashamba yenye kesi, majirani waliokuwa wakilima ardhi ya baba zetu tulipokuwa Ulyankulu na Mishamo. Bastola ikionekana mara moja nyumbani kwa mrejeaji, mgogoro wa mpaka wa shamba unabadilika sura, na hakuna atakayekumbuka kwamba uliinunua kwa ajili ya majambazi wa barabarani.

Shemeji aliondoka usiku ule bila kuniambia ameamua nini. Kabla ya kutoka aliuliza jambo moja tu: nikiwa yeye, ningefanya nini na zile fedha za mjane? Nilimwambia ningesafiri mchana, na watu, na fedha nyingi ningeziacha kwenye simu au benki ya Kigoma hadi mzigo unaofuata. Akasema makato ya simu ni makubwa. Ni makubwa kweli. Tulipiga hesabu kwenye jalada la daftari la mwanafunzi: makato ya safari ishirini hayakufika nusu ya alichoporwa jioni moja. Alikata kipande kile cha jalada akaondoka nacho, na asubuhi mwanafunzi akaniuliza nani amechana daftari lake.

Wa Idaho amenunua ile ya milimita tisa, pamoja na kopo la pilipili la kuning'iniza kifuani anapokwenda mtoni. Muuzaji mwenye leseni alimjazisha fomu, jina likapita kwenye ukaguzi wa FBI, akapewa. Alinitumia picha, nami nikamjibu kwamba sijaona kufuli. Ana watoto watatu, mdogo ana miaka sita na anapanda kila kabati. Siku ya pili akatuma picha nyingine ya sanduku dogo la chuma lililofungwa kwa skrubu chini ya kitanda. Nikamuuliza nani anajua namba za kufungulia. Akajibu, "Mimi na mama watoto." Nikamwambia anionyeshe kwenye simu jinsi anavyotoa risasi zote. Alitoa magazini, akavuta, akatazama, akaingiza kidole chemba. Nikamwambia arudie. Akarudia huku akinung'unika kwa Kirundi cha Lukole ambacho mama yangu angekicheka.

Alhamisi iliyopita shemeji alivuka tena, na wenzake watano, kwenye lori, saa nne asubuhi. Nilimkuta Mugina akisubiri mihuri, gunia la vitenge begani. Nilimtazama kiunoni bila kujizuia, naye akaona. Akafungua koti lote mbele za watu, akageuka taratibu mzima mzima kama mtoto anayeonyesha sare mpya, wenzake wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akaniuliza kama nina shilingi za Kitanzania za kumkopesha kwa ajili ya chai.